Nani Kamwona S. Y. Bakar?

Tone la kwanza liligonga kitako cha ndoo tupu: to. Kisha la pili. Gizani, kitandani kwake, Bi Maisa alifumbua jicho moja, akasikiliza, akalifumba tena.

Ni maji. Kijijini kwao Ole maji huja kwa zamu, Jumanne alfajiri, na Jumanne zote za miaka thelathini na moja ya ndoa, kazi ya kuamkia maji ilikuwa ya mumewe. Bomba la uani huachwa wazi tangu usiku, ndoo ya bati chini yake, na sauti ya ndoo ndiyo saa yao.

Alisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Alisikia matone yakawa uzi, uzi ukawa mkondo, na mkondo ukabadilika sauti kadiri ndoo ilivyojaa. Kisha kishindo kidogo, kama gunia lililotuliwa chini. Maji yakaanza kufurika kwenye saruji, chwaa, chwaa. Halafu kimya. Bomba lilikuwa limefungwa.

"Kayafunga," Bi Maisa alijiambia, akageukia ukutani.

Adhana ilimkuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Akatoka na tochi ya simu. Dokta Badar Saud, mtafiti mkongwe wa magonjwa ya mikarafuu, alikuwa amelala kifudifudi kando ya ndoo iliyojaa pomoni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mkono mmoja ulinyooka kuelekea bomba, lakini haukulifikia.

*

Inspekta Mardhiya Masoud wa upelelezi, Chake Chake, alifika kabla jua halijatoka vizuri. Alikuwa amemwachia mamake mtoto anayenyonya, na kifua kilikuwa kimeanza kumuuma. Hakukijali. Alichuchumaa mbele ya bomba, akalitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mwili.

"Koplo Jerry."

"Afande."

"Nani kalifunga bomba hili?"

Koplo Jerry, kijana wa Musoma aliyekuwa na mwaka wa pili kisiwani, aliutazama mkono wa marehemu. "Marehemu, nadhani."

"Tazama tena."

Juu ya kishikio cha bomba palikuwa na tone la damu lililoanza kukauka, na juu ya tone hilo alama ya kidole gumba, nusu imelowa, nusu imefifia. Damu ilitangulia. Kidole kilifuata.

"Basi marehemu alikwisha kupigwa," Jerry alisema polepole.

"Alikwisha kupigwa. Mtu kasimama hapa, maji yanafurika, maiti iko miguuni mwake, naye kanyoosha mkono kafunga bomba." Mardhiya alisimama. "Mwizi hukimbia. Huyu hakuweza kuondoka na maji yanamwagika. Piga picha, kisha ondoa kishikio chote, kitie kwenye mfuko wa vielelezo."

Ndani, Bi Maisa alikuwa ameketi mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji, majirani wamemzunguka. Inspekta alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Bi Maisa. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Mie nilisikia kila kitu. Nilisikia, nikalala."

"Hukujua."

"Nilisema kayafunga. Nikalala!"

Mardhiya alimshika mkono. "Kuna kitu kimepotea?"

"Mkoba wake. Ulikuwa na kompyuta. Hukaa nao kwenye baraza ya jikoni akingoja ndoo ijae, anafanya kazi zake. Leo saa mbili alikuwa na kikao kituo cha utafiti, apeleke ripoti yake ya kuwapima watafiti."

"Jana alikuja mgeni?"

"Jana mie nilikuwa Wesha, arobaini ya shangazi yangu. Nilirudi baada ya isha. Nilikuta vikombe viwili vya kahawa, vimeoshwa. Nikamuuliza, nani? Akasema, 'Mambo ya watu hayo, mama. Yaache.'"

*

Kabla ya saa nne silaha ilipatikana: nondo fupi ya kuchimbulia udongo wa vipimo, yenye rangi ya kijani ya kituo cha utafiti, imetupwa kichakani nyuma ya nyumba ya kupanga ya Johnson. Ilikuwa imefutwa safi. Na Johnson, fundi wa maabara, mwenyeji wa Bukoba, ndiye aliyetia saini kuipokea.

Ushahidi mwingine ulijileta wenyewe. Jumatatu mchana, langoni pa kituo, watu kumi walimsikia Johnson akimpigia kelele Dokta Badar: "Miaka saba! Ipo siku utajuta!"

Saa sita Johnson alikuwa mahabusu. Saa saba mtaani ilishasemwa kwamba mbara kaua. Saa nane Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimwita Mardhiya ofisini.

"Alama ya kidole?"

"Imefifia, afande. Hapa wameshindwa. Imepelekwa Unguja, majibu wiki ijayo."

"Mimi sina wiki. Watu wamejaa nje. Alhamisi asubuhi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na Johnson anasomewa shtaka la kuua. Kama una mwingine, niletee kabla ya hapo."

Alipotoka alimkuta Modester, mke wa Johnson, kwenye benchi la mapokezi na hotpoti ya chakula mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Dada, wamekataa kunipokelea. Wanasema wauaji hawali ubwabwa."

Mardhiya aliichukua hotpoti mwenyewe, akaenda nayo mahabusu.

*

Johnson alikula vijiko vitatu, akaisukuma.

"Uligombania nini na marehemu?"

"Jina."

"Jina gani?"

"Langu, afande." Alifuta mdomo. "Wewe polisi hupandishwaje cheo?"

"Kwa kazi, na kwa bahati."

"Mtafiti hupimwa kwa kutajwa. Unaandika makala, inatoka kwenye jarida. Mtu wa India au Brazili akiandika yake, akiitaja yako, umenukuliwa mara moja. Wakikutaja mia, una mia. Na huangaliwa umeandika na nani, waandishi wenza wako ni watu gani. Hivyo ndivyo hujulikana nani mzito, nani mwepesi."

"Kama wachumaji wa karafuu na pishi, chombo cha kupimia. Kila mtu na alichokiteremsha mtini."

Johnson alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Ndivyo. Ila huku mtu anaweza kupimiwa pishi ya mwenzake. Mimi nimeikwea mikarafuu hiyo miaka saba. Nimehesabu majani yaliyokufa, mti kwa mti, mpaka nyuki wananijua. Makala kumi na tisa zimetoka kwenye hesabu zangu. Jina langu liko mwisho, kwenye shukrani. Baada ya dereva!"

"Ukamwambia atajuta."

"Nilisema. Kwa hasira. Alikuwa mkuu wa kamati ya kutupima, nikadhani na yeye kanipuuza. Unajua alinijibu nini? 'Johnson, ngoja kesho.' Kesho yenyewe ndiyo hii."

"Nani alikuwa anaongoza katika kupimwa?"

"Dokta Yussuf Bakar. Hakuna mwenye swali. Ananukuliwa kuliko hata marehemu. Ukurugenzi wa kituo ulikuwa wake, bado kutiwa muhuri tu."

*

Ripoti iliibiwa pamoja na kompyuta. Lakini Mardhiya alijua kwamba watu wa umri wa Dokta Badar hawaiamini kompyuta peke yake. Jumanne jioni alirudi Ole, akamuuliza Bi Maisa mumewe alikuwa akifikiria wapi.

"Kufikiria?"

"Akikwama na jambo, huandika wapi?"

Bi Maisa alimpeleka stoo. Nyuma ya mlango palitundikwa kalenda kubwa ya mwaka uliopita, imegeuzwa upande mweupe. Kulikuwa na vidutu vya penseli, kama nukta, kila kimoja na jina pembeni, na mistari ikiunganisha jina na jina: nani kaandika na nani, mara ngapi, nani kamnukuu nani. Ilikuwa kama wavu uliotandazwa ukutani. Kila jina lilishikwa na mengine manne, matano.

Isipokuwa moja. Pembeni kabisa, S. Y. Bakar. Mstari mmoja tu, mnene, ulikwenda kwa Yussuf Bakar: makala 11. Na mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi: Yussuf kamnukuu yeye, yeye kamnukuu Yussuf, mara 204.

Chini yake, kwa mwandiko wa taratibu: Nani kamwona?

Na chini zaidi, kwa wino: Nimsitiri kwanza. Nimwite Jumatatu.

"Bi Maisa, umewahi kumsikia S. Y. Bakar?"

"Sijamsikia."

Koplo Jerry aliinamia karatasi. "Afande, huyu anaweza kuwa mtu wa nchi yoyote. Bakar ni jina la ukoo, majarida ya nje yanaandika ukoo mwisho. Tutamtafuta wapi?"

Mardhiya aliisogelea karatasi. Alikuwa akilisoma jina kwa midomo, kama anavyosoma mamake majina ya wafu kwenye hitima.

"Jerry, kwenu hilo ni la ukoo. Kwetu la mwisho ni la babu. Na la katikati?"

"La katikati..."

"La baba. Huyu ni S., mwana wa Y., mjukuu wa Bakar." Aliweka kidole kwenye mstari mnene, akaufuata mpaka mwisho wake. "Na huyu hapa ni Yussuf, mwana wa Bakar."

Alimgeukia Jerry.

"Dokta Yussuf ana umri gani?"

"Thelathini na sita, saba."

"Basi mwanawe wa kwanza hajamaliza hata shule." Aliikunja ile karatasi taratibu. "Wanakaa wapi?"

"Jadida, Wete."

"Niulizie jambo moja. Jadida maji hutoka siku gani, saa ngapi?"

*

Maji ya Jadida hutoka Jumatano, baada ya laasiri. Jumatano baada ya laasiri Inspekta Mardhiya alibisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mtoto wa kike, miaka mitano hivi, nywele zimesukwa mabutu, kidoleni amevaa pete ya ukindu.

"Hodi, mwanangu. Jina lako nani?"

"Safaa."

"Safaa nani?"

Mtoto alinyoosha shingo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani. "Safaa Yussuf Bakar."

Nyuma ya Mardhiya, Koplo Jerry alishusha pumzi kama aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Dokta Yussuf alikuja haraka, mwembamba, mwenye miwani, tabasamu tayari. "Karibu, karibuni! Mama Safaa kaenda kwao Micheweni, mtatusamehe, hatuna hata chai. Safaa, nenda kacheze nyuma." Aliwatandikia mkeka. "Msiba mkubwa huu. Marehemu alikuwa baba kwangu. Nasikia yule Johnson kakiri?"

"Hajakiri. Nimekuja unisaidie kumpata mtu. S. Y. Bakar."

"Aa. Huyo mwenzangu, yuko Maskati."

"S. ni nani?"

"Salim."

"Salim mwana wa nani?"

"Wa... Yahya."

"Yahya Bakar. Bakar yupi? Wa Kojani, wa Ole, wa Mtambwe? Mie nyanya yangu wa Mtambwe, huenda tukawa ndugu."

"Inspekta, mtu mnaandikiana kwa barua pepe, huulizani nasaba."

"Makala kumi na moja, Dokta. Humjui babake?"

Uani tone la kwanza likagonga ndoo tupu. To.

Yussuf alitupa jicho mlangoni, akalirudisha.

"Jumatatu magharibi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hukwenda Ole kunywa kahawa?"

"Sikwenda."

"Na Jumanne alfajiri?"

"Nililala. Nani huwa macho saa kumi alfajiri?"

"Sikutaja saa, Dokta."

Matone yakawa uzi, uzi ukawa mkondo. Mardhiya alitandaza kalenda mkekani, bila haraka, akaulaza mkono wake juu ya wavu wa majina. Alizungumza kwa sauti ndogo. Alieleza vidutu. Alieleza mistari. Uani sauti ya maji ilikuwa inapanda, inapanda, na jasho lilikuwa limeota juu ya mdomo wa Yussuf.

Ndoo ikajaa. Maji yakafurika kwenye saruji. Chwaa. Chwaa.

"Niruhusu nikafunge maji," Yussuf alisema.

"Yaache."

"Yanamwagika."

"Yaache yamwagike. Nieleze, Maskati mtaa gani?"

"Inspekta, hiyo ni israfu! Mtaa mzima unangojea..." Alikuwa keshanyanyuka nusu, mkono wake wa kulia umenyooka mbele, kidole gumba na cha shahada vimejikunja kama vinashika kishikio.

"Hata Jumanne hukuweza," Mardhiya alisema. "Mtu keshakufa miguuni mwako, na bado hukuweza. Umeacha kidole chako kwenye damu yake."

Yussuf alibaki hivyo, katikati ya kusimama na kukaa. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akarudi chini.

Uani, maji yalifungwa. Mtoto ndiye aliyeyafunga.

*

Mardhiya alimsomea haki zake. Unaweza kunyamaza. Utakachosema kitaandikwa, kitatumika mahakamani. Koplo Jerry alitoa daftari.

"Nitasema," Yussuf alisema. Miwani alikuwa ameivua. "Safaa alizaliwa wiki ile niliyotuma makala yangu ya kwanza kubwa. Jarida likauliza, nani mwingine kazihakiki hesabu za miti? Johnson ndiye aliyehesabu. Lakini Johnson hana digrii, nikaona jina lake litaniteremsha. Mtoto kalala mapajani pangu, ana siku tatu. Nikaandika jina lake. Kwa mapenzi, wallahi. Nikacheka peke yangu."

"Na ya pili?"

"Ya pili ikawa nyepesi. Nikamfungulia barua pepe. Nikamwandikia makala zake, nikazinukuu kwenye zangu, na zangu kwenye zake. Idadi ikapanda. Watu wakiona idadi wanakuja na wao, wananukuu. Siku moja jarida likamwandikia: Dokta Bakar, tunaomba uihakiki makala hii. Makala yenyewe yangu."

"Ukaihakiki."

"Nikaisifu."

Kalamu ya Jerry ilikwama kidogo, ikaendelea.

"Mzee Badar alikwambia nini Jumatatu?"

"Alinimiminia kahawa mwenyewe. Akasema, 'Mwanangu, nimeuona mstari wako. Mstari mmoja tu, hauna ndugu. Jitoe mwenyewe katika ukurugenzi, waandikie majarida wazifute, mie nanyamaza mpaka saa mbili kesho. Sijamwambia mtu, hata mama. Nakusitiri.'" Aliigeuza miwani mkononi. "Na alikuwa na lake. Alitaka jina la Johnson lirudishwe kwenye makala zote kumi na tisa. Kwenye ripoti keshaliandika, juu, mahali pake."

Mardhiya aliwaza mahabusu, na yule mtu aliyeambiwa angoje kesho.

"Akakupa usiku mzima."

"Alinipa usiku mzima. Ningeweza kuandika zile barua. Nilikaa nazo. Kisha nikafikiria: kasema hajamwambia mtu. Akiwa hayupo, hakuna anayejua." Aliiweka miwani mkekani. "Stara yake ndiyo iliyomuua, Inspekta. Angenitangaza hadharani, angekuwa hai."

"Usimtwishe yeye. Nondo ulikuwa nayo wewe."

"Niliichukua stoo ya kituo. Nikajua Johnson kagombana naye, kila mtu kasikia. Vespa niliiacha skuli. Zamu ya maji naijua, Ole nimezaliwa. Nilingoja ainame."

"Kompyuta?"

"Stoo hapo. Chini ya gunia la karafuu."

Jerry alirudi na mkoba, vumbi la karafuu limeushika. Mardhiya alipiga simu kituo cha polisi.

"Mfungulieni Johnson. Sasa hivi, si kesho. Na mwambieni mkewe aingie, asingojee nje."

Pingu zilipolia, Mardhiya alivua mtandio wake wa akiba begani, akaufunika juu ya mikono ya Yussuf ili mtoto asione chuma. Mama mdogo wa Safaa alikuwa keshaitwa kutoka nyumba ya tatu, amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Safaa aliingia kutoka uani, gauni lake limelowa mpaka magotini. Alimtazama babake, akamtazama polisi, kisha akaiona karatasi kubwa mkekani.

"Picha gani hii?"

"Si picha," Mardhiya alisema, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Ni majina ya watu walioandika vitabu. Hapa pembeni pameandikwa lako."

Mtoto aliinama, akaweka kidole kilicholowa juu ya kile kidutu cha peke yake. Penseli ikaanza kufutika chini ya kidole. Alitafakari kidogo, kisha akatikisa kichwa, kama anayewarekebisha wakubwa waliokosea.

"Mie bado sijui kuandika."